Sweta za Watoto wa Japani

Kijana aliyesoma wasifu wa marehemu alikuwa na sauti nzuri, na sina ugomvi naye, maana alisoma alichoandikiwa. "Marehemu mama yetu Yuditi alisoma hadi darasa la saba," alisema, "kisha akaacha shule kwa hiari yake." Waombolezaji wakatikisa vichwa. Ukungu wa Iwawa ulikuwa umetufunika wote, kaburi halionekani kutoka pale tulipoketi, na mimi nilikuwa mstari wa mbele kwenye kiti cha plastiki, wajukuu zake wamenizungushia blanketi. Kama magoti yangu yangenitii, ningesimama mbele ya mchungaji na kwaya na watu wote wale nikasema huo ni uongo. Kwa hiari yake! Yuditi alifukuzwa shule. Mimi nilikuwepo chumbani, nimeshika kalamu, na neno langu moja lingeweza kumsaidia, sikulisema.

Nimesharudi Njombe, siku ya nne leo, na hasira haijapoa. Mwanangu wa pili ananiambia, "Mama, hayo ni ya zamani, Waingereza wenyewe wameshaondoka." Najua wameondoka. Nilicheza ngoma siku walipoondoka. Lakini mtu anaweza kuondoka na uongo wake ukabaki nyuma, ukaandikwa kwenye karatasi, ukaja kusomwa juu ya jeneza la mtu ambaye hawezi tena kujibu. Basi nitajibu mimi, kwa jinsi nilivyouona mwaka ule.

Tulikuwa darasa la saba katika shule ya kati ya wasichana ya misheni, nusu siku kwa miguu kutoka boma la Njombe. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma. Darasa letu lilikuwa la matofali mabichi, madirisha yenye milango ya mbao isiyo na vioo, kwa hiyo ilibidi kuchagua: ufungue upate mwanga na upepo, au ufunge ukae gizani na joto la pumzi za wasichana ishirini na sita. Bibi Alma alichagua mwanga siku zote. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa shule, na ndiye aliyetufundisha jiografia na kazi za mikono. Alikuwa mwanamke mrefu, nywele amezisuka na kuzizungusha kichwani, Kiswahili chake safi kuliko cha baba yangu. Kabla ya vita alikuwa ameishi miaka sita Japani, akifundisha katika mkoa mmoja wa pwani, hadi vita vikamtoa huko. Misheni ikamleta kwetu. Sasa ninapofikiri, naona hakuja kwetu kamwe. Alihamisha masanduku yake tu.

Somo la Japani katika kitabu lilikuwa kurasa mbili. Bibi Alma alilifundisha muhula mzima. Alichora pwani ile ubaoni kwa chaki za rangi, imechanika-chanika kama upindo wa kanga kuukuu, kila mchaniko ni ghuba, na katika kila ghuba kijiji. Milima, alisema, inashuka moja kwa moja hadi baharini, hivyo watu hawana mahali pa kulima ila wakate ngazi kwenye miteremko wapande mpunga, na juu ya mpunga wapande michungwa. Wanaume wanavua samaki, wanawake wanawaanika juu ya vichanja vya mianzi, na wako wanawake wanaozama wenyewe majini, bila chombo, kutafuta konokono wa baharini. Nyumba zimebanana kwa sababu mlima unazisukuma na bahari inazisukuma. Na ardhi ya pale haitulii. Inatetemeka mara kwa mara, na tetemeko likiwa kubwa bahari inarudi nyuma, kisha inakuja juu kama ukuta. Wazee wa huko walisimamisha mawe mlimani, wakachonga maneno: msijenge chini ya hapa. "Mkisikia ardhi inatikisika kwa nguvu," Bibi Alma alituambia, "msirudi ndani kuchukua kitu. Msimngoje mtu. Pandeni mlima." Tuliandika katika madaftari yetu, sisi wasichana wa Njombe ambao wengi wetu maji mengi tuliyowahi kuyaona ni ya mto.

Yuditi peke yake alikuwa ametoka majini. Kwao kulikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, chini kabisa ya milima ya Wakinga, kijiji kisicho na barabara, kinachofikiwa kwa mtumbwi au kwa kushuka mlima siku nzima magoti yakilia. Mama yake alifinyanga vyungu, kama wanawake wote wa kwao, na kwa sababu hiyo wasichana walimwita Yuditi Mama Vyungu, wakacheka alipotamka maneno ya Kiswahili kwa lafudhi ya kwao. Mimi nililala kitanda cha jirani na chake, na nilikuwa rafiki yake, ingawa ninakiri nilicheka pia mara moja au mbili wengine walipocheka. Siku ile ya mawe mlimani Yuditi aliinua mkono.

"Bibi, hata kwetu ni hivyohivyo. Mlima umeingia majini. Ardhi inatikisika, na watu wanaanika samaki wadogo, usipa, kwenye vichanja. Bibi anapafahamu kwetu?"

Bibi Alma alitabasamu. Hakuwa mkali, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba alisema kwa upole. "Ziwa si bahari, Yuditi. Keti." Darasa likacheka. Ukutani kulikuwa na ramani ya Tanganyika iliyotolewa na serikali, na pale kwao Yuditi palikuwa na ukanda wa buluu usio na jina hata moja pembeni yake. Ghuba za Japani tulizikariri tisa.

Mwezi wa tano zikaja habari, kwa barua na kwa redio ya Bibi Alma, kwamba pwani ile imepigwa na tetemeko. Hakutokea darasani siku mbili. Siku ya tatu aliingia macho mekundu, akatuambia kuna watoto wasio na nyumba, na majira ya baridi ya huko yatakuja, na sisi tutawafumia sweta. Marafiki zake wa ng'ambo walileta nyuzi za sufu, magunia manne, rangi ya bluu na ya kijivu na nyekundu iliyokolea. Basi mwezi wa sita na wa saba, wakati Njombe majani yanaamka meupe kwa umande ulioganda na ng'ombe wanatoa moshi puani, sisi tuliketi kila alasiri kwenye madawati tukifuma sufu, tumevaa gauni moja la pamba lisilo na mikono, miguu mitupu juu ya sakafu ya udongo. Vidole vilikufa ganzi hadi sindano zikaanguka. Msichana mmoja, Eliza, alishikwa na kikohozi, akapitisha sweta aliyoifuma kichwani kwake kwa muda tu, apate joto. Matroni alimvua na kumfanya apige magoti nje. "Umeitia uchafu sadaka ya watu," alimwambia.

Na aliyefuma kuliko sisi sote alikuwa Yuditi. Sikumwelewa. Nilimwuliza jikoni, tukimenya viazi vya jioni, kwa nini anajiua kwa ajili ya watu asiowajua. Alinitazama kama vile mimi ndiye niliyesema jambo la ajabu. "Nawajua," alisema. "Bibi ametueleza wanavyoishi. Ni kama sisi. Yule mtoto atakayevaa hii, mama yake ameshuka kuanika samaki, basi." Alifuma sweta kumi na moja. Mimi nilifuma nne, na ya nne mkono mmoja ulikuwa mfupi.

Mwezi wa nane, alasiri, tukiwa katika kufuma hukohuko, ardhi ilinguruma. Nilidhani ni lori. Kisha dawati likaruka mbele yangu, plasta ikatudondokea vichwani, na nikamsikia Bibi Alma akipiga kelele kwa lugha ambayo haikuwa Kiingereza wala Kiswahili. Alitusukuma chini ya madawati kwa mikono yake miwili, upesi, kama mtu aliyewahi kufanya hivyo mara nyingi. Kulipotulia alikuwa mweupe kama chaki. Alituongoza kuomba, akamshukuru Mungu kwamba hapa petu matetemeko ni madogo. Yuditi hakufumba macho. Alikuwa anatazama upande wa magharibi, upande wa milima.

Siku nne baadaye ilikuwa zamu yangu kuhudumu nyumbani kwa Bibi Alma. Chumba chake cha kulia kilikuwa na meko ya mawe yenye moto wa kuni za miwati, zulia, na picha moja kubwa ukutani ya ghuba yenye mashua ndogo. Alikuwa na mgeni, ofisa wa serikali aliyepitia njiani kutoka Tukuyu. Nilileta chai na mkate wa ndizi. Walizungumza Kiingereza, na labda walisahau kwamba Kiingereza ndicho walichotufundisha. Ofisa alisema kipande cha mlima kimeporomoka ziwani, kimefunika kijiji kimoja na kusukuma maji juu ya kingine. Alitaja jina la kile kilichofunikwa. Lilikuwa jina la kwao Yuditi. Bibi Alma akauliza wamekufa wangapi. Yule bwana akasema nani ajuaye, hakuna barabara, boma haliwezi kupeleka mtu kwa sasa, na waliobaki wamepanda juu kwa Wakinga. "Wale watu huwa wanajimudu," alisema. Bibi Alma akasema maskini wee, akanigeukia, akaniomba sukari.

Nilimletea sukari. Mkono wangu haukutetemeka hata kidogo; nimeukumbuka mkono ule miaka yote.

Nilimwambia Yuditi jioni hiyohiyo, nyuma ya jiko. Hakulia. Aliuliza kama nina hakika ya jina, nikamwambia nina hakika, akaondoka moja kwa moja kwenda nyumbani kwa Bibi Alma na mimi nyuma yake. Bibi Alma alitoka barazani. Nitaandika maneno yale kama yalivyosemwa.

"Bibi, naomba ruhusa niende nyumbani."

"Nani amekwambia?" Alinitazama mimi, kisha akamrudia. "Yuditi, mtoto wangu, ni siku tano kwa miguu, milimani, peke yako. Siwezi. Na mtihani ni mwezi wa kumi. Nitaandika barua boma, watuletee habari."

"Boma hawaendi, Bibi. Na watu wapo juu kwa Wakinga, kuna baridi, hawana nguo za baridi, kwetu ni joto. Bibi, zile sweta. Zipo kwenye sanduku. Wapagazi wawili wanaweza kuzibeba. Nitawaonyesha njia."

Nilimwona Bibi Alma akifikiri. Nitamtendea haki: alifikiri. Mwishowe akasema, "Zile zimeahidiwa. Nimekwisha kuwaandikia. Kuna watoto wanaozingoja, Yuditi. Huwezi kumpa Mungu kitu kisha ukakichukua tena."

"Na watoto wa kwetu, Bibi?"

"Tutawaombea leo jioni."

Kweli tuliwaombea. Jumapili baada ya ibada ya mchana Yuditi aliondoka. Nilimpa viazi saba vya kuchemsha ndani ya kitambaa, nikamsindikiza hadi mtoni. Aliniambia nisiseme chochote mpaka Jumanne, wasije wakamfuata. Sikusema Jumatatu. Jumanne Bibi Alma alituita wote uwanjani akauliza nani alijua, na sikusema. Jumatano aliniita peke yangu chumbani kwake, chenye zulia na moto, akaniuliza, "Tabita, wewe ni rafiki yake. Aliniomba ruhusa mbele yako nikamkatalia kwa ajili ya usalama wake. Je, alikwambia kwamba ataenda?" Nikasema hakuniambia. Ningesema, ningepigwa viboko na kuvuliwa nafasi yangu ya mtihani. Bibi Alma akaandika katika kitabu cha shule kwamba mwanafunzi ametoroka bila kumwambia mtu yeyote, kwa hiari yake. Naam. Hapo ndipo neno lile lilipozaliwa, na mimi ndiye niliyempa wino.

Yuditi alirudi mwezi wa kumi, wiki moja kabla ya mtihani. Nilikuwa ofisini kwa Bibi Alma. Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wote, nilichaguliwa kuandika barua ya kuambatana na sanduku: Wapendwa watoto wa Japani, sisi dada zenu wa Tanganyika. Mlango ukagongwa. Alikuwa amenyolewa nywele, miguu imevimba, gauni la shule amelifua likawa jeupe kabisa. Mama yake amekufa, alisema. Dada zake wawili pia. Waliporudi kuchukua vyungu vilivyokuwa tanuruni, mlima ukawashukia. Wadogo zake wa kiume wamepona, wapo kwa Wakinga. Amewaacha huko ili afanye mtihani, apate kazi ya ualimu, awalee.

"Pole sana, Yuditi," Bibi Alma alisema, na macho yake yalilowa, niliona. "Lakini kamati imekwisha kukaa. Ulitoroka. Tukikurudisha, kesho watatoroka wangapi?"

"Sikutoroka, Bibi. Niliomba kwanza. Na nilimwambia..." Akanitazama. Alikuwa anasubiri niseme mwenyewe.

Nilitazama karatasi. Wino ulikuwa umedondoka kwenye neno dada, nikawa naukausha kwa kikausha wino, naukausha na kuukausha, mpaka niliposikia mlango umefungwa. Tulikutana tena baada ya miaka minane, sokoni, yeye tayari ni mama wa watoto watatu na analima viazi Iwawa, kulekule kwa Wakinga, akanisalimu, "Kamwene, Tabita," kwa lugha ya kwetu, akacheka kwa furaha ya kweli. Hakuniuliza kamwe. Nilimtembelea karibu kila mwaka hadi alipofariki na sikuwahi kumwomba msamaha kwa mdomo wangu. Kila mara niliona kuna watu, au mvua, au chakula kimeiva. Ninawakasirikia Waingereza na misheni na boma, na wanastahili, lakini hasira iliyo kubwa kuliko zote ninajua inakaa wapi.

Mtihani ulipokwisha, Bibi Alma alinichukua katika Landrova kwenda Makambako kupeleka sanduku. Ilikuwa zawadi yangu kwa ile barua. Makambako wakati ule ilikuwa njia panda tu: maduka machache ya mabati, nyumba ya wageni moja, malori ya kutoka Mbeya na Njombe yakipumzika kabla ya kwenda Iringa. Upepo wa pale hauna adabu, na asubuhi ile ulikuja na manyunyu. Bibi Alma aliingia dukani kujaza karatasi za mzigo na wakala wa lori. Mimi niliachwa nje na sanduku. Karibu na lori walikuwa wameketi watu kama kumi na tano, wanaume kwa wanawake, waliochukuliwa kwenda kufanya kazi mashamba ya mkonge. Walijifunika magunia. Mwanamke mmoja alikuwa na mtoto wa kike wa miaka minne hivi, midomo yake ya bluu, amevaa kipande cha shuka kilichofungwa shingoni. Nikawasikia wanavyozungumza. Ilikuwa lafudhi ya Yuditi.

Nikamsalimu yule mwanamke, nikamwuliza wanatoka wapi. "Ziwani," alisema. "Mlima ulianguka. Mashamba hakuna tena."

Sikufikiri. Kifuniko cha sanduku kilikuwa kimepigiliwa misumari minne. Nilichukua spana iliyokuwa imelazwa kwenye ngazi ya lori nikakibandua. Niliingiza mkono nikatoa sweta ya kwanza, nyekundu, nikaijua kwa vitanzi vyake vilivyobanana kuwa ni ya Yuditi, nikamvalisha yule mtoto. Ilimkaa kama iliyopimwa. Nikatoa nyingine, na nyingine. Nilikuwa nalia na kumtukana mtu kwa Kibena, sijui nani. Watu walizipokea kwa mikono miwili, wakazitupia mabegani maana zilikuwa ndogo kwao. Labda nilikuwa nimetoa tisa Bibi Alma alipotoka dukani.

Hakupiga kelele. Alisimama pale kwenye manyunyu, karatasi za wakala mkononi, akasema, "Tabita, unafanya nini?" Nikamwambia hawa ndio watu wa kwao Yuditi. Nikamwambia, "Bibi, hawa hapa. Si lazima kuwatafuta. Hawa hapa." Hakusogea. Alimtazama yule mtoto mwenye sweta nyekundu kwa muda mrefu, na kwa kipindi kile chote niliamini kabisa kwamba angesema sawa. Angesema neno hilo tu, na ningemsamehe mengine yote.

Yule mwanamke ndiye aliyesogea. Alimwona mzungu, akaniona mimi, akaelewa alivyoelewa. Alimvuta mtoto, akamvua sweta taratibu, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, akaikunja vizuri na kuipangusa matone ya mvua, akaiweka sandukuni. "Si zetu, mwanangu," aliniambia. "Usije ukapata matatizo kwa ajili yetu." Wengine wakamfuata, mmoja mmoja. Hakuna iliyopotea.

"Ahsante," Bibi Alma akasema. "Ahsanteni sana." Akamwita dereva wa lori aje kupigilia misumari.

Walipakia sanduku kwanza, kisha watu. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine, mtoto aliketishwa juu ya sanduku, mama yake akimshika kiuno, na lori likaondoka kuelekea Iringa.

Tulirudi Njombe. Nusu ya njia Bibi Alma alisimamisha gari, akafungua kikapu, akakata andazi lake la siagi vipande viwili, akanipa kilicho kikubwa. "Najua moyo wako ni mzuri," alisema. "Kula." Nilitaka kukitupa dirishani. Nilitaka kumtemea. Nilikuwa na miaka kumi na sita, sikuwa nimekula tangu jana yake, na siagi ilikuwa imeyeyuka ndani kabisa. Nikakila chote, nikalamba vidole, na nikamwambia ahsante Bibi.